Programu za maneno ya Google: nani alipie, nani aache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye loji, wakamuaji wa alizeti, madalali wa viwanja na wauzaji wa zabibu wa Dodoma na Singida, ambao siku hizi wanashauriwa walipie programu za kuchunguza maneno ambayo watu huandika Google. Ushauri huo unasikika kwenye semina za ujasiriamali, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa vijana wanaotengeneza tovuti: bila Ahrefs au Semrush, anaambiwa mwenye loji, unatembea gizani. Ninavyoona mimi, mfanyabiashara wa kanda ya kati anayeuza kwa Kiswahili kwa wateja walio Tanzania, hela hiyo haimrudii. Wapo inaowarudia na nitawafikia, ila si wengi kama tunavyohubiriwa.

Tupige hesabu kwanza, maana hapo ndipo wahubiri wengi hupita mbio. Vifurushi vya kawaida vya programu hizo mbili vinazidi dola 100 kwa mwezi. Tuchukue 100 kamili, na dola moja tuihesabu shilingi 2,500 ili kazi iwe nyepesi: ni 250,000. Tangu 2022 sheria ya kodi inataka huduma za kidijitali zinazouzwa kutoka nje zitozwe VAT; kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ongeza 45,000. Jumla 295,000 kwa mwezi, au 3,540,000 kwa mwaka, bado makato ya kadi na ya kubadilisha fedha. Mwenye loji ambaye akishatoa umeme, maji, mshahara na kufua mashuka anabaki na 15,000 kwa chumba kwa usiku, atahitaji kuuza usiku 20 wa ziada kila mwezi ili programu ijilipe tu, kabla hajaona senti ya faida. Mkamuaji anayebakiwa na 5,000 kwa ndoo ya lita 20 atahitaji ndoo 59. Dalali ndiye mwenye unafuu: kiwanja kimoja cha milioni 6 kwa kamisheni ya asilimia 5 kinampa 300,000 na mwezi umelipika. Hata yeye ajiulize kama kiwanja hicho kisingeuzika bila hiyo programu.

Bei kubwa isingenisumbua kama mali yenyewe ingekuwepo. Namba ya "utafutaji kwa mwezi" inayoonekana kwenye programu ya kulipia haitoki mikononi mwa Google moja kwa moja, kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida hujengwa kwa kuchanganya makadirio ya Keyword Planner, ambayo ni programu ya Google kwa ajili ya watangazaji, na kumbukumbu za mibofyo zinazokusanywa kwa watu walioweka viongezi fulani (programu ndogo za ziada) kwenye vivinjari vyao. Kisha kanuni za hesabu hujaza mapengo. Kwa Kiingereza cha Marekani kumbukumbu ni nyingi, na makadirio yanashikika. Kwa Tanzania ni chache, na kwa Kiswahili ni chache zaidi. Ndiyo maana maneno marefu ambayo wateja wetu huyaandika ama hayamo kabisa kwenye orodha, ama yamewekewa sifuri. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba hakuna anayetafuta. Google wenyewe wamekuwa wakisema kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa hapo kabla.

Na Kiswahili kina vituko vyake. Mnunuzi mmoja ataandika "kiwanja kinauzwa Iyumbu", wa pili "viwanja Iyumbu", wa tatu "bei ya viwanja iyumbu dodoma", wa nne "plot Iyumbu". Anayetafuta pa kupanga ataandika "chumba master", mwenzake "chumba self", mwingine "chumba cha choo ndani". Mwenye mtaji wa kiwandani anatafuta mashine ya kukamua "arizeti", kwa r, na Google inamwelewa vizuri tu. Programu ya kulipia huhesabu kila andiko peke yake. Kila moja likiwa na watu watano au wanane kwa mwezi, yote yanaanguka chini ya kiwango cha kuonyeshwa, na dalali anaambiwa Iyumbu hakuna soko.

Upande wa pili, namba kubwa nayo inaweza kudanganya. Chukua "viwanja Nzuguni". Humo wamo wanaotaka ploti, na wamo wanaotafuta viwanja vya maonyesho ya Nanenane, ambavyo viko hukohuko Nzuguni. Agosti inapokaribia, namba inaweza kupanda na dalali akafurahia wateja wasiokuwa wake. Ripoti yenye namba tupu haiwezi kuwatenganisha hao wawili. Anayeifahamu Dodoma atawatenganisha kwa dakika moja, kwa kuandika maneno hayo Google na kutazama kurasa kumi za kwanza zinahusu nini.

Mbaya kuliko zote ni namba za dunia nzima. Nyingi ya programu hizi ukizifungua hukuwekea Marekani, au jumla ya nchi zote, mpaka ubadilishe mwenyewe. Asiyebadilisha na akaingiza "chai", "nazi" au "safari" atapata malaki ya watu. Wengi wao ni Wamarekani wanaotaka kinywaji chenye viungo, wanafunzi wa historia ya Wanazi wa Ujerumani, na watu ambao Safari, kivinjari cha iPhone zao, kimegoma. Ukiletewa ripoti ya maneno ya Kiswahili yenye namba za kutisha, kitu cha kwanza kuangalia ni nchi iliyochaguliwa.

Namba hizo pia kwa kawaida ni wastani wa miezi 12, na biashara za huku huenda kwa misimu. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na vyumba vya Dodoma hujaa. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Neno lenye watafutaji 240 katika mwezi mmoja na sifuri katika miezi 11 litaandikwa 20 kwa mwezi, na utaliruka. Hali ni hiyohiyo kwa neno jipya. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, anayetafuta "loji karibu na stesheni ya SGR Dodoma" alikuwa anaandika kitu ambacho kwa hesabu ya wastani kingechukua miezi kadhaa kuonekana kina uzito. Aliyetengeneza ukurasa wa maneno hayo mapema hakuambiwa na programu. Aliona reli inajengwa.

Liko na lile alama la "ugumu" wa neno, kutoka 0 hadi 100, linalopendwa sana kwenye semina. Kwa Ahrefs, alama hiyo hukokotolewa kutokana na idadi ya tovuti nyingine zinazoelekeza viungo, yaani anwani za kubofya, kwenye kurasa kumi za kwanza. Kurasa za Kiswahili hazielekezewi viungo vingi, kwa hiyo karibu kila neno letu hupata alama ya chini, na ukiambiwa kila kitu ni rahisi hujaambiwa kitu. Ukweli utauona kwa macho: andika neno kwenye simu, kwa dirisha la faragha ili historia yako isiingilie, uone walioko juu. Wakiwa ni kurasa za Facebook, matangazo ya miaka mitatu iliyopita na tovuti isiyofunguka vizuri kwenye simu, ingia. Wakiwa ni tovuti kubwa za kuweka nafasi za hoteli zenye mamia ya vyumba vya Dodoma, usishindane nazo kwa "hoteli Dodoma". Nenda kwenye maneno ya mtaa, kama Nkuhungu, Kisasa, Ilazo au Mtumba, ambako wao hawana cha kueleza.

Sasa vya bure. Keyword Planner yenyewe hailipiwi; inahitaji akaunti ya matangazo ya Google, ambayo unaweza kutakiwa kuikamilisha kwa taarifa za malipo na kampeni, ila kampeni hiyo unaweza kuisitisha isitumie hela. Ukiingia, weka eneo Tanzania au mkoa wa Dodoma peke yake, na lugha weka zote. Ukiichuja lugha utawapoteza wengi, kwa sababu simu nyingi za Watanzania zimewekwa Kiingereza hata kama mwenyewe anaandika Kiswahili. Akaunti isiyotangaza huonyeshwa makundi badala ya namba kamili: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Ni makundi mapana, lakini kwa mwenye loji anayetaka kujua kama aanze na "gesti" au "loji", yanatosha. Kuna safu moja inayowapotosha wengi, ile ya "ushindani". Inahusu watangazaji wanaogombea nafasi za kulipia. Haisemi chochote kuhusu ugumu wa kupanda kwenye matokeo ya kawaida. Safu ya maana kuliko inavyodhaniwa ni ile ya bei ambayo watangazaji hulipa kwa mbofyo ili wawe juu. Watu wakikubali kulipia neno, lina wanunuzi ndani yake.

Google Trends ni nzuri kwa kuona msimu, basi. Ile 100 inayoonekana ni kilele cha kipindi ulichochagua, wala haihesabu watu, na kwa maneno ya mtaani itakujibu kwamba hakuna taarifa za kutosha. ChatGPT usiiulize kabisa idadi ya wanaotafuta neno, maana inaweza kukupa namba safi isiyotoka popote.

Kwa aliye na tovuti tayari, hata yenye kurasa tano, hakuna programu ya kulipia inayoizidi Search Console. Hii ni ya Google, ni bure, na inaonyesha maneno ambayo watu waliandika kweli kabla tovuti yako haijatokea mbele yao. Haikadirii. Kuiunganisha kuna njia mbili kuu: kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaopewa na Google) kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti kwa aliyekuuzia jina hilo, au kubandika mstari mmoja wa msimbo kwenye ukurasa wa mwanzo. Ya kwanza ni bora, kwa sababu inashika tovuti nzima, yenye www na isiyo na www, na haifutiki mtu akibadilisha mwonekano wa tovuti. Taarifa huanza kuonekana baada ya siku chache na hutunzwa kwa miezi 16. Hapo ndipo uchelewaji unapouma: kile ambacho hukuunganisha mwaka jana huwezi kukinunua leo popote.

Ukifungua ripoti ya utendaji, washa visanduku vyote vinne: mibofyo, mara ulizoonekana, asilimia ya waliobofya na nafasi ya wastani. Chuja nchi iwe Tanzania. Panua kipindi kutoka miezi 3 hadi 16 kama unayo. Kisha chuja nafasi iwe zaidi ya 7, upange kwa mara ulizoonekana, kubwa juu, na uyaruke yenye nafasi ya 21 kwenda mbele. Orodha inayobaki ndiyo shamba lako: maneno ambayo Google tayari inakuhusisha nayo, ila umekaa chini ya ukurasa wa kwanza au kwenye ukurasa wa pili ambao watu hawafiki.

Tuseme humo kuna "loji karibu na stendi ya Nzuguni", imeonekana mara 400 kwa miezi 3, imebofywa mara 3, nafasi 11.4. Bofya neno hilo, nenda kwenye kichupo cha kurasa uone ni ukurasa upi unaotokea. Mara nyingi utakuta ni ukurasa wa mwanzo, ambao kichwa chake kinasema "Karibu" na jina la loji, basi. Badilisha kichwa kiseme loji karibu na stendi kuu ya mabasi Nzuguni, Dodoma, na kisizidi herufi 60 hivi, kwa sababu kinachozidi hukatwa kwenye simu. Aya ya kwanza itaje umbali kutoka stendi kwa mita au kwa nauli ya bajaji, bei ya chumba, kama kuna maegesho, na kama mapokezi yanafunguliwa kwa anayeshuka basi la usiku. Hayo ya mwisho wengi huyasahau, na ndiyo anayeshuka na begi saa 7 usiku anayoyatafuta. Baada ya kubadilisha, tumia sehemu ya kukagua anwani ya ukurasa kuiomba Google iusome upya, halafu subiri wiki nne hadi sita kabla hujahukumu. Usitengeneze ukurasa wa pili wa maneno yaleyale kwa haraka. Hizo mbili zitagombana, na Google itakuwa inabadilisha mara hii mara ile, na zote zitabaki chini.

Search Console ina mapungufu yake. Maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo ukijumlisha mistari hupati jumla ya juu. Jedwali huishia mistari 1,000. Na nafasi ya wastani ya neno lililoonekana mara 6 haina maana yoyote. Yaache yote yaliyo chini ya mara 20 au 30 mpaka yakue.

Mwenye duka au loji asiye na tovuti aanze na wasifu wa biashara wa Google, ule unaotokea kwenye ramani. Nao ni bure. Ripoti yake huonyesha maneno yaliyowaleta watu kwako, na yale madogo huandikwa tu kwamba ni chini ya 15. Kwa kanda hii mara nyingi ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote, kwa sababu anayetafuta kwenye ramani yuko njiani.

Halafu kuna kazi ambayo inaanza bila hata bando. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hapa ni la mapokezi. Kwa wiki mbili, anayepokea simu na anayejibu WhatsApp waandike swali la kila mteja kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyanyoosha. Mkamuaji wa Singida atakuta watu hawamuulizi "mafuta safi ya alizeti yaliyochujwa" kama alivyoandika kwenye tovuti. Wanauliza ndoo ya lita 20 bei gani, mnatuma mikoani, mashudu yapo. Mashudu! Wafugaji wanayatafuta mwaka mzima, na wakamuaji wengi wameandika kurasa za mafuta peke yake. Chukua maswali hayo, andika kila moja Google bila kubonyeza kutafuta, usome inachopendekeza; kisha ongeza herufi moja mwishoni, a, b, ch, d, mpaka mwisho, na urudie kwa kuweka neno mbele, kama "jinsi ya" au "wapi". Shuka chini ya matokeo usome maswali ambayo watu wengine huuliza. Kwa bidhaa moja ni kazi ya saa mbili hadi tatu, na kwa kawaida unatoka na maneno 40 hadi 60 ya Kiswahili cha mtaani.

Anayetaka namba kamili, na ana shilingi 100,000 ya kujaribia, aiweke kwenye tangazo la Google badala ya kulipia kifurushi. 10,000 kwa siku kwa siku 10. Achague kampeni ya utafutaji, azime mtandao wa mabango na washirika wa utafutaji, ambavyo huja vimewashwa na hula hela kimyakimya. Kwenye mpangilio wa eneo achague watu waliopo mahali hapo. Ulivyo mwanzoni unachukua na wanaoonyesha tu kuvutiwa na mahali hapo, hata wakiwa Ulaya. Maneno ayaweke ndani ya alama za nukuu ili tangazo lisitokee kwa kila kinachofanana kwa mbali. Kuanzia siku ya pili afungue ripoti ya maneno yaliyotafutwa, azuie yasiyo yake: "ajira", "picha", na kwa mwenye mafuta, "faida za mafuta ya alizeti usoni", kwa sababu huyo anataka kusoma tu. Baadhi ya maneno madogo hufichwa hapa pia. Hata hivyo siku ya 10 atakuwa anajua neno lipi lilileta wageni kwenye ukurasa wake, jambo ambalo programu ya dola 100 haiwezi kumwambia, na akaunti inayotangaza huanza kuonyeshwa namba zilizo karibu zaidi na ukweli kwenye Keyword Planner. Kwa theluthi moja ya ile 295,000, na huenda na wateja wawili watatu juu.

Niwafikie sasa wale inaowarudia. Wa kwanza ni kampuni inayohudumia tovuti za wateja kumi au zaidi; gharama inagawanyika na muda unaookolewa ni mwingi. Wa pili ni anayeuza kwa Kiingereza kwa watu wa nje: mtembeza watalii kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, au muuza asali ya Manyoni anayetafuta wanunuzi Ujerumani. Huko takwimu zipo, washindani wapo, na uwezo wa kuona kurasa zinazomletea mshindani wageni na nani anamwelekezea viungo ni kitu ambacho vya bure havikupi. Wa tatu ni tovuti za habari zenye kurasa maelfu. Ahrefs ina sehemu ya bure kwa mwenye tovuti kukagua tovuti yake na viungo vinavyoielekea. Hata hawa waanzie hapo.

Na wakilipa, walipe mwezi mmoja. Kabla ya kutoa hela andaa orodha ya washindani watano na maneno 50 ya kuanzia, na soma kiasi ambacho kifurushi kinaruhusu, kwa sababu cha chini huwa na kikomo cha mistari ya kupakua na cha mara za kutafuta. Siku ya kwanza badilisha nchi, pakua kurasa bora za kila mshindani, maneno waliyoshika nafasi ya 1 hadi 20, maneno waliyonayo wao na wewe huna, na orodha ya viungo. Sitisha malipo ya mwezi unaofuata siku hiyohiyo. Kwa kawaida huduma huendelea mpaka mwezi uishe. Piga picha ya ujumbe wa kusitisha. Tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu na uweke kiasi kinachohitajika tu, ili wakijaribu kukata tena wakute haina salio. Tena tazama: bei ndogo iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Akaunti za kuchangia zinazouzwa Telegram kwa shilingi 20,000 ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Zinavunja masharti ya wenye programu, zinafungwa wakati wowote, na wote mnaotumia nywila moja mnaonana maneno mnayoyachunguza.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo cha dakika kumi. Chukua maneno kumi kutoka kwenye daftari la mapokezi, uyaingize kwenye sehemu ya bure ya programu unayotaka kununua, nchi ikiwa Tanzania. Saba yakirudi bila taarifa, funga ukurasa.

Kwa anayeletewa ripoti ya kulipia na mtengeneza tovuti, aulize namba zimetoka programu gani, nchi gani, mwezi gani, na apewe faili lenyewe badala ya picha zake. Aulize pia akaunti ya Search Console imefunguliwa kwa barua pepe ya nani. Ikiwa ni ya fundi, fundi akiondoka anaondoka na ufunguo. Aingie kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji na ruhusa, ahakikishe yeye ni mmiliki na fundi ni mtumiaji tu. Na rekodi ya DNS aiweke kwa akaunti yake mwenyewe, kwa sababu umiliki uliothibitishwa kwa msimbo wa fundi hufa siku fundi anapoufuta.

Wako,
Mtengeneza tovuti,
Ipagala, Dodoma